Barabara Zote za Olebile Phetlhu

Olebile Phetlhu alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja aliposimama mbele ya mkutano wa mtaa na kusema hana mtoto. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Machi, katika ukumbi wa kanisa huku kwetu Galeshewe, kitongoji cha mji wa Kimberley, na watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, kwa sababu ndani ya wiki mbili nyumba tisa zilikuwa zimeng'olewa mabomba ya maji uani. Shaba inauzika. Kila aliyekuwa ukumbini alijua ni vijana gani waliong'oa, na Olebile alijua kuliko wote, maana bomba la kwanza kung'olewa lilikuwa la uani kwake.

Mwanawe aliitwa Otsile. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alianza kuvuta nyaope, dawa ya kulevya ya bei rahisi, mwaka ule mama yake alipozikwa. Kwanza vilitoweka vitu vidogo, viatu vilivyoanikwa juani, sufuria. Baadaye ikawa mtungi wa gesi.

"Rra Phetlhu," mwenyekiti alisema, akitumia Rra, jina la heshima kwa mwanamume kama Mma kwa mwanamke, "kijana ni wako. Tuambie tufanye nini."

Olebile alivua kofia. Alikuwa mtu wa maneno machache na watu waliyaheshimu.

"Fanyeni mnavyoona," alisema. "Kuanzia leo mimi sina mtoto."

Watu walipiga makofi. Jirani yake mmoja, aliyekaa karibu na dirisha, alimwambia baadaye kwamba Otsile alikuwa amesimama nje ya dirisha hilo, amevaa koti lake la kijani, na kwamba makofi yalipoanza aligeuka akaondoka. Hakurudi nyumbani siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo.

Mimi ni katibu wa klabu yetu ya mbio, na Olebile alikuwa mwanachama wetu tangu ujana. Hakuwa na kasi. Alikuwa na pumzi na subira, na kazi yake ilimfaa, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alisoma mita za maji za manispaa, geti hadi geti, akiwa na daftari, tochi na fimbo ya kufukuzia mbwa. Zilipoletwa mita za kulipia kabla, akapewa barua ya kustaafu mapema na saa ya mkononi.

Katikati ya Mei alikuja kwangu na ramani ya mji, ameikunja kama gazeti.

"Katibu, nataka kukimbia kila barabara ya Kimberley," alisema. "Kila moja, mwanzo hadi mwisho."

"Ya Galeshewe?"

"Ya mji mzima. Huku, Roodepan, mjini, hata kule kwenye miti na majumba ya kuta ndefu. Nimezihesabu. Ziko elfu moja mia mbili na kumi na nne."

"Kwa nini?"

"Wengine wanapanda milima," alisema. "Huku hatuna mlima."

Nilifungua daftari jipya. Kila barabara niliipa namba, tarehe na umbali wake, na kwenye ramani tukawa tunaipaka kalamu nyekundu. Tulitoka mara tatu kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukishapambazuka. Yeye alikuwa mbele, mimi hatua ishirini nyuma na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Juni kwetu umande huganda na majani ya kando ya barabara huvunjika chini ya kiatu. Watu walitucheka. "Wazee, mmefukuzwa na wake zenu?" walituuliza vituoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia uani kwake aliegemea ufagio akamwambia Olebile, "Baba, kama ni kuposa, nyumba yenye msichana ni ile pale. Punguza mwendo, jasho halipendezi ukweni."

Wiki ya tatu niliona jambo. Kamba za viatu vyake zilifunguka mara kwa mara, na kila zilipofunguka tulikuwa mbele ya nyumba isiyokaliwa, au uwanja wenye vibanda, au ukuta ambao vijana hukaa nyuma yake. Aliinama, akafunga, na huku akifunga alitazama ndani kwa muda mrefu.

"Rra Phetlhu," nilimwambia, "kamba zako zina tabia."

Hakucheka. Tulitembea barabara hiyo mpaka mwisho, naye akaniambia.

"Namtafuta Otsile."

"Basi tuulize watu."

"Nilisema mbele ya watu, Katibu. Walipiga makofi. Sasa niende geti kwa geti niseme, mmemwona mwanangu? Wataniuliza, mwana yupi? Wewe si huna?" Alipangusa pua kwa kiganja. "Mtu anayekimbia anaweza kupita popote. Hakuna anayemuuliza anatafuta nini. Nikimwona, nitasimama. Nitajua la kusema."

Alinitaka niahidi kutomwambia mtu. Niliahidi, na nikaitunza ahadi.

Nilijaribu kumweleza jambo moja tu. Kwenye kazi yake ya zamani, nyumba ukishaisoma umeisoma, mita haihami mpaka mwezi ujao. Lakini kijana ana miguu. Barabara tuliyoipaka nyekundu Jumatatu, yeye angeweza kuingia Jumanne.

"Ndiyo maana lazima tuzimalize zote," alinijibu, kama mtu ambaye hakusikia.

Siku moja tulikaribia kumpata. Ilikuwa Alhamisi ya Julai, na kwa sababu ya baridi tulitoka alasiri. Pembeni mwa mji, chini ya vilima vya kijivu vya mchanga uliomwagwa na migodi, vijana watatu walikuwa wakiota moto wa matairi. Mmoja alivaa koti la kijani. Mkono wa kushoto ulikuwa na kiraka cha kitambaa cha bluu, na kiraka hicho kilishonwa na marehemu mke wa Olebile. Nilikijua hata mimi.

Olebile alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama bila kuinamia viatu.

"Koti zuri hilo," alisema.

"Halikutoshi, mzee," kijana alijibu, na wenzake wakacheka. "Una tumbo."

"Umelipata wapi?"

"Kwani wewe polisi? Polisi gani anavaa kaptula?"

"Nauliza tu. Aliyekupa yuko wapi?"

Kijana alimtazama, akaacha kucheka. Nadhani aliona kitu usoni mwake. Alifungua mdomo kujibu. Hapo kwenye kona walitokea akina mama wawili wa umoja wa kanisa, blauzi nyekundu na kofia nyeupe, wanatoka kwenye sala zao za Alhamisi. Mmoja alikuwa mke wa mwenyekiti wa mtaa.

Kwetu mtu mzima humpiti kwa neno moja. Unasimama, unamuuliza alivyoamka hata kama ni jioni, naye anakuuliza ulivyoamka, mnaulizana habari za watoto, za miguu, za mvua.

"Aa, Rra Phetlhu! Umeamkaje?"

"Nimeamka, Mma. Ninyi mmeamkaje?"

"Tumeamka. Huyu mwenzangu magoti tu yanamsumbua. Na wewe unafanya nini na hawa wezi wa mabomba?"

"Nilikuwa nafunga kamba."

"Wangekufungia wao, halafu wangeondoka nazo." Walicheka wote wawili. "Ulifanya vizuri siku ile ukumbini. Tunakutaja kwenye sala. Mzazi mmoja tu kama wewe kwa kila mtaa, tungekuwa na maji."

"Asante, Mma."

Walipomaliza salamu, moto ulikuwa unawaka peke yake. Vijana walikuwa wamepita kwenye tundu la uzio na kupotelea nyuma ya kilima. Olebile aliutazama uzio. Nilimwambia tuwafuate. Alisema wale mama bado wanatuona. Kweli walikuwa wanatupungia mkono.

Hatukumwona tena kijana yule.

Agosti, Mma Kgatlane aligundua tunachofanya. Anauza magwinya mbele ya duka la Msomali, unga wa kukaanga mkubwa kama ngumi, na ndiye dereva wa basi la klabu yetu. Wakimbiaji wa huku tunajua basi ni nini: ni kundi linalokimbia mbio ndefu pamoja nyuma ya mtu mmoja anayeshika mwendo. Huyo ndiye dereva. Anapuliza filimbi, anaimbisha, anaamua wapi kutembea na wapi kukimbia, na walio ndani ya basi hawaachani. Mtu dhaifu humaliza mbio kwa sababu ya basi. Mma Kgatlane ana uzito wa mtu na nusu, na watu hamsini wamemaliza mbio kubwa nyuma ya mgongo wake.

"Rra Phetlhu!" alipiga kelele siku alipoiona ramani mikononi mwangu. "Unakimbia mji mzima peke yako kama mwizi? Na klabu tupo? Kweli wewe ni mtu wa kunyimana!"

"Ni mazoezi tu, Mma."

"Mazoezi ya barabara elfu? Wewe una jambo."

Niliikunja ramani. Olebile aliinamia kamba za viatu.

"Una huzuni ya yule mtoto," Mma Kgatlane alisema, kwa sauti ya chini sasa. "Usijibu. Ulifanya ulichopaswa. Lakini hutakimbia peke yako na huzuni wakati mimi nina filimbi. Jumapili tunakuja."

Jumapili walikuja kumi na wanne. Mwisho wa Septemba walikuwa arobaini. Walivaa fulana za klabu, wakaleta vijiti vya kugonganisha na wengine vifuniko vya sufuria. Mma Kgatlane alipuliza, akapaza sauti, "Basi!" nao wakaitikia, "Tumo!" kisha wimbo ukaanza, na wimbo ule ulisikika barabara tano mbele yetu. Watu walitoka mageti wakishangilia. Mbwa walibweka. Olebile alikuwa katikati, mahali pa heshima, watu mbele yake na watu nyuma yake, na hakuweza kuona ukuta wala uwanja kwa sababu ya vichwa.

Siku za kwanza alijaribu kuwatoroka. Alitoka Jumanne saa kumi na mbili bila hata kuniambia mimi, na akamkuta Mma Kgatlane kwenye kona na watu sita.

"Ulidhani tumelala?" alimwambia. "Basi haliachi abiria."

"Mma, labda leo tusiimbe. Watu wamelala."

"Watu wamelala ndiyo maana tunaimba!"

Walicheka mpaka wakashika magoti. Angesema nini? Walikuwa wameamka kwenye baridi kwa ajili yake.

Kosa langu liko hapa pia, nami naliandika. Watu walitaka kujua basi litapita wapi ili wajiunge, kwa hiyo kila Ijumaa niliandika ratiba kwa mkono, barabara zote za wiki, siku na saa, na kuibandika kwenye ukuta wa duka la Msomali. Niliiandika vizuri. Nilipiga mistari kwa rula.

Dada yake Olebile, Gadifele, ambaye ni shangazi mkubwa wa Otsile, alikuja kutoka Barkly West mwezi wa Oktoba. Nilikuwa jikoni kwa Olebile tukipaka ramani alipoingia na kuweka mfuko wake mezani juu ya kalamu.

"Nimeambiwa kaka yangu sasa ni mtu maarufu," alisema. "Nimeambiwa ana kwaya."

"Karibu, dada. Kaa."

"Sikai. Mtoto uliyeachiwa na marehemu mkeo yuko nje, kuna baridi, na wewe unakimbia ukipigiwa filimbi. Barabara zote za mji huu unazijua, isipokuwa ile ya kwenda alipo mwanao."

Olebile alimmiminia chai. Aliitia sukari vijiko viwili. Nilitaka kusema. Alinitazama mara moja, nikainamia ramani.

"Hata hujibu," Gadifele alisema. "Marehemu angekuona." Hakunywa ile chai. Alilala kwa jirani na asubuhi akapanda gari la kurudi kwake. Baada ya hapo hawakuzungumza.

Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia hata dada yake, alijibu, "Akijua yeye, atamtafuta kwa kelele. Otsile atakimbia." Alisema hivyo huku basi la watu sitini likimsubiri nje ya geti.

Joto la Januari lilimkuta na barabara mia nane na sitini zimekwisha. Goti la kulia lilivimba. Muuguzi wa zahanati alilibonyeza, akamwambia gegedu limeisha, akiendelea atatembea na gongo kabla ya miaka sitini. Alilifunga bendeji ya mpira akaendelea. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na aliirudia kila tulipokaa peke yetu: barabara zilizobaki ni mia tatu na hamsini na nne, Otsile hajaonekana kwenye zilizopita, kwa hiyo yuko kwenye mojawapo ya hizi. Kadiri nyeupe kwenye ramani ilivyopungua ndivyo alivyoamini zaidi. Aprili zilibaki mia moja. Mei mwishoni zilibaki kumi na tisa, na alikuwa akilala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, akiniambia ameshapanga la kusema. Hakuniambia ni nini.

Barabara ya mwisho ilikuwa Jumapili ya tarehe kumi na tano Juni. Ni fupi, mita mia mbili na kumi, ina nyumba saba, na mwisho wake ni ukuta wa ghala. Watu walikuwa zaidi ya mia. Mma Kgatlane alimsukuma Olebile mbele peke yake, ili kwa mara moja aongoze basi, naye akakimbia akichechemea, akitazama nyumba moja baada ya nyingine, kushoto, kulia, kushoto. Nilikuwa nyuma yake hatua ishirini kama zamani. Nilimwona alipofika nyumba ya saba. Alipunguza mwendo, akaugusa ukuta wa ghala kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo, mgongo kwetu. Watu walidhani analia kwa furaha. Walimbeba.

Chakula kilipikwa hapo hapo mbele ya ghala, mahindi ya kukoboa na utumbo, na mwenyekiti wa mtaa akatoa hotuba juu ya nidhamu. Olebile alikaa kwenye kiti cha plastiki, goti kwenye ndoo iliyogeuzwa, cheti cha klabu mapajani. Alikuwa anawashukuru wote wanaokuja, mmoja mmoja.

Ndipo alipokuja mwanamke na toroli. Tulikuwa tunamjua kwa sura, anaitwa Mma Sethunya, huokota chupa za plastiki nyuma ya basi letu, kwa sababu wakimbiaji hunywa maji na kutupa. Alijaza gunia lake karibu na kiti cha Olebile, kisha akasimama.

"Ni masikio," alisema. "Nilikuwa najiuliza ni nini. Mna masikio yale yale."

"Na nani, Mma?"

"Na Otsile."

Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini.

"Yuko wapi?" Olebile aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Ameondoka. Wiki tatu sasa. Alikaa kwangu tangu Septemba, kibanda cha nyuma. Kijana mpole, alikuwa ananisukumia toroli. Alinikataza kusema, lakini ameshakwenda." Aliangalia watu waliokuwa wakila. "Kila Ijumaa alikwenda dukani kusoma ile karatasi yenu. Mkiwa upande wa huku, yeye anahamia kwenye vilima. Siku mliyopita kwangu ilikuwa mvua, hakuwa na pa kwenda. Nilimwambia, toka umsalimie baba yako. Nyimbo zikaanza kusikika kwa mbali, akaingia nyuma ya mabati, akakaa humo anatetemeka mpaka mkapita wote."

Kwenye daftari langu ilikuwa barabara namba mia saba na mbili, Jumapili ya tarehe kumi Novemba, watu sitini na mmoja. Mvua nyepesi.

"Alisema nini?" Olebile aliuliza.

Mma Sethunya alifunga mdomo wa gunia. Olebile aliuliza tena.

"Alisema, baba alishasema hana mtoto, na sasa anauzunguka mji wote na watu wake kunionyesha anavyoshangilia."

Mma Kgatlane alikuwa amekaribia na sufuria ya kuongeza chakula. Alisikia sehemu ya mwisho.

"Kuna nini?" aliuliza. "Nani anashangilia nini?"

Olebile alimtazama. "Nilikuwa namtafuta mwanangu," alisema. "Tangu barabara ya kwanza."

Waliokuwa karibu waliacha kula, kisha na wa mbali, na watoto tu ndio walioendelea kugombania mpira. Mma Kgatlane alishikilia sufuria kwa mikono miwili. Filimbi ilikuwa bado inaning'inia kifuani kwake.

"Ungetuambia," alisema. "Tungenyamaza."

"Ndiyo, Mma," alijibu Olebile.

Mimi na Olebile tulikwenda na Mma Sethunya nyumbani kwake, sisi watatu tu, kwa mwendo wa goti la Olebile. Kibanda kilikuwa kama vibanda vingine. Kulikuwa na godoro la sponji na blanketi, na harufu ya moshi. Otsile alikuwa akikohoa sana tangu Pasaka, Mma Sethunya alituambia. Zahanati ilimpa vidonge vya kifua kikuu vya miezi sita, akameza vya mwezi mmoja. Aliondoka na lori la mahindi lililokuwa linaelekea kaskazini. Dereva alimhurumia.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na ukuta wa mabati, na nafasi kati yake na uzio, upana wa mtu mmoja. Olebile aliingia kwa ubavu. Kulikuwa na tundu la msumari kwenye bati, usawa wa paja. Ili kutazama ilibidi apinde magoti yote mawili, na la kulia halikupinda, kwa hiyo alijishika kwenye mabati mpaka yakalia. Alitazama barabarani kwa muda. Alipotoka nilichungulia na mimi. Kwenye tundu lile huwezi kuona uso wa mtu. Unaona miguu.

Mma Kgatlane alitaka klabu nzima itoke kutafuta, na alikuwa na nia safi, lakini hapakuwa na pa kuanzia. Polisi waliandika jina. Gadifele aliambiwa kwa simu. Alilia, akasema atakuja, hakuja. Mwenyekiti wa mtaa hakusema chochote, na mke wake sasa husalimia kwa neno moja.

Olebile hawezi tena kukimbia. Kila Jumamosi jirani mwenye gari anatuchukua. Tumekwenda Warrenton, Christiana, Taung, Vryburg, kokote ambako lori la mahindi lingeweza kusimama. Anatembea na gongo, geti hadi geti, na anauliza. Huko hakuna anayemjua, kwa hiyo anaweza kusema neno hilo. Anasema, "Namtafuta mwanangu." Analisema vizuri, bila kukwama. Sina ramani ya miji hiyo na sipaki chochote. Naandika tarehe na idadi ya mageti.

Jumamosi iliyopita, Vryburg, kwenye geti la kumi na nane, mwanamke mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si wengi wanaolifanya. Alikausha mikono kwenye aproni akamuuliza kijana yukoje. Olebile alimweleza masikio, urefu, kikohozi, na kovu la kidoleni alilolipata utotoni.

"Mwembamba au mnene?"

"Mwembamba."

"Kiasi gani? Hapa wanapita wengi, baba. Wanaokohoa ni wengi. Amekonda kiasi gani?"

Olebile alinyoosha mikono mbele yake, viganja vikitazamana, kama mtu anayepima upana wa kitu. Akavisogeza karibu kidogo, kisha akavipanua tena.

"Sijui, Mma," alisema. "Sijamwona mwaka na miezi minne."

Mwanamke alimpa pole, akamwombea, akafunga geti.